Uhandisi si njia ya mkato

Mwandishi, makala ni nzuri, ila pale unapowashauri vijana wachague uhandisi katika jeshi la majini ili wakistaafu wapate kazi kwenye meli za biashara, hapo nakupinga. Mkataba wa STCW wa 1978, unaosimamia vyeti vya mabaharia, hauwahusu wanaohudumu kwenye meli za kivita. Miaka yako kwenye kambi ya jeshi hilo ya Mtongwe haikupi cheti cha kiraia moja kwa moja. Kaka yangu alilazimika kurudi darasani na kufanya mitihani, watoto wake nao wakidai karo. Tena kazi yenyewe si rahisi. Niliwahi kuingia naye chumba cha injini: joto linakupiga usoni, vyuma vya ngazi vinateleza kwa mafuta, watu wanaelewana kwa ishara za mikono kwa sababu ya kelele. Asiyependa injini hadumu humo, hata umwahidi nini. Nanyi mnaouliza hapo juu unahodha wa meli ya kivita unapatikanaje, kwa hapa Kenya ingieni kama kadeti, muanzie chuo cha kijeshi cha Lanet pamoja na wenzenu wa nchi kavu na anga, kisha mfuate fani ya sitaha. Ofisa mtaalamu anayeajiriwa kwa digrii yake hufanya fani yake, haandaliwi kuamrisha meli. Hilo liulizeni kabla ya kujaza fomu.