Fidia Haipigi Hodi

Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigania Kisangani, mji wa Kongo usio wa yeyote kati yao. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa, majeruhi wapatao 1,700 na nyumba zaidi ya 4,000 zilizoharibika. Waliotoka wazima wa mwili lakini wakajifungia ndani hawamo katika hesabu hiyo.

Kuhusu aliyejifungia, jirani ana jibu la haraka: amerogwa, au ana kiburi. Mwenyewe, akipata wa kumsikiliza, hueleza mengine. Kwenda sokoni ni kupita pale alipoangukia ndugu. Kwenda matangani ni kuulizwa, “Siku zote ulikuwa wapi?” Na ngurumo, katika mji wa ikweta ambako mvua haijui likizo, hurudisha makombora. Leo hatoki kwa hofu. Mwezi ujao hatatoka kwa aibu ya kutotoka.

Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo fidia ya vita ya dola milioni 325, 225 kati yake kwa madhara waliyopata watu. FRIVAO, mfuko wa serikali wa kugawa fedha hizo, una makao Kisangani kwenyewe. Vema. Lakini mwathirika sharti ajitokeze, ajiandikishe, asimulie. Aliyejifungia anashindwa hapo hapo.

Kivu, mashariki mwa Kongo, kuna ushahidi wa njia nyingine. Utafiti uliochapishwa 2013 uliwafuatilia wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono, katika vijiji 15. Baadhi walikutana kwa vikundi, wiki baada ya wiki, wakiongozwa na wanawake Wakongo wasio madaktari; wengine waliambiwa msaada upo, waje wakiuhitaji. Miezi sita baada ya matibabu, waliokuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9 kwenye vikundi, na 42 kwa wale wengine. Majeraha yao si yale ya Kisangani, sawa. Ila msaada unaosubiri kuombwa ulizidiwa mbali.

Basi sehemu ya fedha iwalipe akina mama wa mitaa ya Mangobo na Tshopo mjini Kisangani, wafundishwe, wapewe nauli ya toleka, baiskeli za abiria, waende nyumbani kwa aliyejifungia. Wasianze na fomu. Ziara za kwanza ziwe za salamu tu, hata kama anayejibu ni dada yake mlangoni, na jina lake lisifutwe orodhani kwa sababu siku ya kuitwa hakufika.