Kibao cha Mlangoni Ni Sehemu ya Tiba

Mgonjwa huanza kuhudumiwa kabla hajaonana na tabibu. Huduma yake ya kwanza ni kibao kinachomwonyesha mapokezi yalipo, maabara ilipo na dirisha la dawa lilipo. Kibao hicho kikisomwa na wachache tu, wengine wamekwisha kutengwa mlangoni, hata kama waliomo ndani wana nia njema ya kuwahudumia wote.

Sheria haikunyamaza. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9, ikafuata mwaka 2010. Ibara ya 9 ya Mkataba inazitaka nchi ziweke katika majengo yanayotumiwa na umma vibao vya nukta nundu na vya maandishi rahisi kusomeka na kueleweka, pamoja na waelekezaji na wakalimani wa lugha ya alama. Zahanati na hospitali zimo katika majengo hayo.

Vipimo navyo vinajulikana. Viwango vya Marekani vya mwaka 2010, kwa mfano, huagiza kwamba maandishi ya kupapaswa yawe kati ya sentimita 122 na 152 kutoka sakafuni, upande wa kitasa, ili asiyeona ajue pa kupeleka mkono. Herufi ziinuke, nukta nundu zikae chini yake, rangi ya maandishi ipishane wazi na rangi ya kibao, na uso wa kibao using'ae.

Huko Handeni na Korogwe jambo hili lina uzito wa pekee. Mkoa wa Tanga umesumbuliwa kwa miaka mingi na matende, na sehemu za Korogwe zimekuwa na usubi, ugonjwa unaoweza kupofusha. Mwenye mguu uliovimba akikosea njia, hulipia kosa hilo kwa maumivu ya kila hatua anayorudi. Tena wapo wazee wa Kizigua na Kisambaa ambao hawakubahatika kusoma. Na tangu mwaka 2022 familia za Wamasai kutoka Ngorongoro zimehamia Msomera, wilayani Handeni, na si wote wanaokimudu Kiswahili. Kwa watu hao, kibao cha "OPD" au "RCH" hakina tofauti na ukuta mtupu. Mchoro wa mama aliyebeba mtoto, wa jino au wa darubini ya maabara huwafikia bila mkalimani.

Wapo watakaojibu kwamba kuuliza si ujinga, na kwamba wahudumu wapo wa kuelekeza. Ni kweli, na maelekezo ya mdomo hayatakoma kuhitajika. Lakini anayelazimika kuuliza kwa sauti, mbele ya foleni ya majirani zake, chumba cha "CTC" kiko wapi, amevuliwa siri yake kabla ya kufika kwa daktari. Baadhi huona heri warudi nyumbani, na dawa zikakatizwa. Namba kubwa ya chumba, iliyoinuliwa na kupakwa rangi yake, ingemfikisha pasipo kutangaza ugonjwa wake.

Hoja ya gharama isipuuzwe, ila isitiwe chumvi. Nukta nundu zinahitaji fundi mwenye ujuzi. Lakini kushusha kibao kilichotundikwa juu ya mlango, kuandika kwa Kiswahili badala ya vifupisho, na kuchagua rangi nyeusi juu ya nyeupe ni kazi ya fundi rangi wa mtaani. Kamati ya kituo na mganga mfawidhi waanze hapo. Kabla ya kulipia vibao vipya, wamwombe asiyeona, kiziwi na asiyejua kusoma watembee kutoka langoni hadi dirisha la dawa bila kushikwa mkono. Mahali watakaposimama wakisita, ndipo panapodai kibao.