Mchanga Haupimwi kwa Macho

Gunia la mahindi na gunia la makaa huchukua nafasi sawa katika lori, lakini mchukuzi aliyeyabeba yote mawili hahitaji kuambiwa kwamba uzito wake si mmoja. Wazee wa pwani, waliopima nafaka kwa kibaba na pishi, walijua vema kuwa hivyo ni vipimo vya ujazo, si vya uzito. Jambo hili twalijua sokoni. Tukianza kujenga nyumba, twalisahau.

Juzi jirani yangu hapa Garissa aliagiza tani 12 za mchanga wa mto Tana. Lori lilipofika, tulipima kabla ya kumwaga: urefu wa mzigo mita 4, upana mita 2, kina sentimita 75. Ukizidisha wapata mita 6 za ujazo. Sasa, mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu usioshindiliwa ina uzito wa kilo 1,600 hivi. Basi mzigo ule, kama ungekuwa mkavu, haungefika hata tani 10.

Mwenye lori alijitetea kwamba mchanga wake una unyevu, kwa hiyo ni mzito zaidi. Hapo alijihukumu mwenyewe. Unyevu kidogo huzitenga chembe za mchanga, nao huvimba. Maji ya sehemu 5 katika 100 yaweza kuuongeza ujazo kwa robo nzima. Kwa hiyo lori lile lilikuwa na mchanga pungufu zaidi. Lakini mchanga uliolowa kabisa hurudi katika ujazo wake wa awali, na uzito wake huzidi sana. Anunuaye kwa uzito baada ya mvua hununua maji. Anunuaye kwa ujazo mchanga ukiwa na unyevu hununua hewa.

Njia ya kujua ni rahisi. Chukua kopo lililonyoka pande zote, utie mchanga mpaka kina cha sentimita 20. Umwage kando, tia maji nusu ya kopo, kisha urudishe mchanga pole pole huku ukikoroga. Ukituama kwenye sentimita 16, gawanya 20 kwa 16: ni moja na robo. Maana yake, palipotakiwa madebe 4 ya mchanga mkavu, yakupasa kutia madebe 5 ya mchanga huo.

Hali kadhalika saruji. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Fundi akiambiwa achanganye saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, mfuko mmoja wataka lita 70 za mchanga na lita 140 za kokoto. Akihesabu wilbaro ya lita 65 kuwa sawa na mfuko mmoja, amekaribia kuzidisha mchanga na kokoto mara mbili, na zege hiyo itakuwa dhaifu. Mfanyie sanduku la sentimita 40 kwa 35 kwa 25. Hilo ndilo mfuko mmoja kamili.

Jirani yangu alilipia mchanga aliopimiwa, bila ugomvi. Haba na haba hujaza kibaba, ndugu zangu; lakini kwanza kihakikishe kibaba chenyewe.