Azma ya Mkimbiaji wa Mwambao

Tangu Septemba 2025, pale mkimbiaji wa marathoni Alphonce Simbu alipomkuta Amanal Petros wa Ujerumani karibu na utepe mjini Tokyo, na saa ikawaandikia wote wawili muda mmoja wa 2:09:48, hata ikabidi picha itazamwe ndipo ibainike kwamba Mtanzania ametangulia na kuipatia nchi yake dhahabu ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha, wengi wetu tusio na kipaji wala ujana tumeingiwa na hamu ya kukimbia, na mimi ni mmojawapo. Azma yangu, inshallah, ni nusu marathoni ya Kilimanjaro, kule Moshi; na mtu wa mwambao, aliyezoea barabara tambarare za pwani, hana budi kutambua kwamba njia ile hupanda kuelekea Mweka kabla ya kuteremka, na kwamba mwenye pupa huadhirika papo hapo kilimani. Kwa hiyo baada ya sala ya alfajiri, jua halijapata makali, hukimbia taratibu, kwa kiasi cha kuweza kuzungumza bila kutweta. Viatu vya thamani kubwa sikununua, na wauzaji waniwie radhi. Simbu naye hakupata dhahabu kwa haraka, kwani alikuwa wa tano Rio mwaka 2016, akatwaa shaba London mwaka 2017, kisha akasubiri miaka minane. Msomaji mwenye nia kama yangu na aanze mazoezi sasa, asingoje Februari, mwezi wa mbio zenyewe.