Nani Atasema Vile Alikufa?

Ndugu wachimbaji, mama wa makambi, vijana wa mugodi,

Kuna kitabu kimoja cha kuchekesha juu ya vilio. Hatukukosea kuandika: cha kuchekesha, na ni juu ya vilio. Kilitoka 1995 kule Afrika Kusini. Mwandishi ni Zakes Mda, na jina la kitabu kwa Kiingereza ni Ways of Dying, ni kusema namna za kufa. Sisi wa sendika Kiingereza hatukisomi. Mwalimu mmoja wa mtaa wetu njo alitusimulia, usiku baada ya usiku, kando ya moto, ku kilio cha mwenzetu. Tulicheka mpaka mama mukubwa mmoja akatoka mu nyumba, akatuuliza: «Munacheka nini, na marehemu eko mu nyumba?» Tulipomwelezea, akavuta kiti, akakaa na yeye.

Mtu wa kitabu hicho anaitwa Toloki. Kazi yake ni kulia. Anatoka kilio hiki anaenda kingine, amevaa nguo nyeusi na kofia ndefu, analilia watu ambao hajapata kuwajua, na wenye kilio wanamupa kitu kidogo. Analala bandarini, mu chumba cha kungojea wasafiri. Anakula keki na vitunguu vya majani. Kuoga si desturi yake sana. Lakini kazi yake anaiheshimu kama padri anavyoheshimu misa. Eko pia fundi mmoja wa kijiji chao, Nefolovhodwe, ambaye alivumbua sanduku la kuzikia linalokunjwa, mtu analibeba kama mzigo wa safari. Vile watu wanakufa kila siku, akatajirika, na alipokuwa tajiri akajifanya hamujui tena Toloki, mtoto wa kwao. Tena kuna siku msafara wa kilio unakutana na msafara wa ndoa mu njia, na hakuna anayekubali kupisha mwingine.

Nani kati yetu hajaona vile? Kwetu pia kilio kinafunga barabara, vijana wanapanda juu ya gari na kupiga kelele, lutuku inazunguka, na mu pembe ya uwanja kunakuwa watu wawili watatu ambao hakuna anayejua ni ndugu wa upande gani. Wanalia kwa nguvu kuliko mjane. Saa ya bukari wanakuwa wa kwanza. Kumbe Toloki eko kwetu pia, tofauti ni kwamba wa kwetu hana kofia.

Lakini hatuandiki leo juu ya kucheka. Tunaandika juu ya kilio kile ambamo tulisimuliwa kitabu.

Mwenzetu alikuwa mchimbaji wa zamu ya usiku mu kampuni moja, ambayo hatutaitaja hapa. Jiwe lilimuangukia. Waliokuwa naye waliona kwa macho yao. Kampuni ilileta sanduku la mbao nzuri, lenye kioo na vishikio vya kungaa, tena ikaleta magunia ya unga, mabasi mawili na ua kubwa lenye utepe. Watu wakasema: «Banamuheshimu kabisa!» Kaburi lilichimbwa na wenzake, watu kumi na wawili, mafundi wa kuchimba. Hakuna aliyepima sanduku. Tulipofika ku malalo, sanduku lilikuwa refu kuliko shimo. Mtu aliyechimba maisha yake yote akangoja nusu saa pembeni ya kaburi lake, huku wenzake wakiongeza sentimita thelathini kwa sururu. Wengine walicheka. Hata mtoto wake mukubwa alicheka, kisha akalia.

Baada ya hapo mkubwa mmoja wa kampuni akasoma karatasi. Alisema marehemu alikuwa mtu wa bidii, baba mwema, mkristu. Alisema Mungu amemwita. Juu ya jiwe, hakusema neno. Na mu karatasi ya kifo ambayo mjane alipewa, kuliandikwa neno moja tu: maladie. Ugonjwa.

Hapa njo kitabu kinatufundisha. Mu kitabu kile, ku kila maziko anasimama mtu mmoja anayeitwa Nurse, ni kusema muuguzi. Si lazima awe wa hospitali. Ni yule aliyemuona marehemu wa mwisho akiwa hai, ao yule anayejua mambo yote ya kifo chake. Kazi yake ni kueleza watu wote, mbele ya kaburi, vile huyu mtu alikufa: wapi, namna gani, kwa mkono wa nani. Bila maneno yake maziko hayajatimia.

Wengine watasema: maneno hayamrudishi mtu. Ni kweli, lakini yanaweza kulisha watoto wake. Mu Kongo, sheria ya usalama wa jamii ya tarehe 15 Julai 2016 inasema mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazi, mjane na yatima wana haki ya malipo ku CNSS, na kuna pia msaada wa gharama za maziko. Lakini ajali inapaswa kutangazwa kuwa ni ajali ya kazi. Ikiandikwa «ugonjwa», mlango huo unafungwa. Sanduku lenye kioo linaingia mu udongo saa moja, na watoto wanabaki na magunia matupu. Hesabu wenyewe: kampuni ilipata faida gani kwa kununua mbao nzuri?

Na tusiwaseme wakubwa peke yao. Mu kitabu, kilio cha kwanza ni cha mtoto mdogo wa mwanamke anayeitwa Noria. Nurse anasema wazi kwamba mtoto aliuawa na watu wa upande wao wenyewe, wale wanaopigania uhuru. Watu wananung'unika: maneno kama hayo hayasemwi mbele ya watu, yatafurahisha adui. Mwalimu alipofika hapo, kando ya moto tulinyamaza sote. Kwa sababu siku ile ku malalo sisi wa sendika tulipewa dakika tano za kusema, na hatukusema. Tuliimba. Mmoja wetu alikuwa amebeba lile ua la kampuni, na ni mtu anayejua kandarasi yake inaisha mwezi gani. Hatumuhukumu, sote tuna watoto. Lakini mjane alikuwa anatuangalia.

Kwa hiyo, ndugu, tunaomba hivi. Toka leo, mwenzetu akifa mu kazi, kabla ya kuzungumzia sanduku na unga, wawili wa zamu yake waketi na mjane, waandike kwenye karatasi saa, mahali na vile ilipita, waweke sahihi na majina yao. Karatasi hiyo ifikishwe ku inspection du travail na ku CNSS, na nakala ibaki kwa mjane. Mjane asiweke sahihi ku karatasi yoyote siku ya kilio, macho yakiwa na machozi, mpaka mtu anayeaminiwa aisome mbele yake kwa Kiswahili. Na ku malalo, mmoja wetu asimame aseme vile alikufa. Kama mmoja anaogopa, tusimame kumi. Ni vigumu kufukuza watu kumi kwa sababu ya kusema kweli mbele ya kaburi.

Na mchango wetu? Tusiutie wote mu mabasi na tisheti zenye picha. Tuweke sehemu kwa ajili ya mjane, kwa sababu mambo ya karatasi yanachukua miezi, na usafiri wa kwenda ofisini unalipwa kila mara.

Karatasi ya mwenzetu tumekwisha kuiandika. Wa zamu yake watano wameweka sahihi, wa mwisho ni yule aliyebeba ua. Mjane ameipeleka mwenyewe. Tunangoja jibu, na tutalileta hapa hapa, likiwa zuri ao likiwa baya.