Kenya: Vita vya 'upendeleo' mitandaoni na uzito wa silabi moja

Kila Kenya inapotikisika kisiasa, mabishano ya aina mbili huzuka mitandaoni kwa pamoja. Ya kwanza huhusu jambo lenyewe: kodi, kura, maandamano, kifo. Ya pili huwahusu waliolitangaza: kituo gani kimeficha, gazeti gani limenunuliwa, mtangazaji yule ni wa kabila gani. Aghalabu ya pili huyameza ya kwanza. Wiki moja baadaye wengi hawakumbuki tena mswada ulisema nini, ila wanakumbuka ni runinga ipi iliyokatiza matangazo yake.

Wasikilizaji wetu wa Busia, Malaba na miji mingine ya mpakani hawahitaji kusimuliwa hayo. Redio za Kenya zinasikika majumbani mwao, na video kutoka Nairobi hufika kwenye simu zao kabla ya taarifa yetu ya habari kusomwa. Pamoja na video huja hukumu iliyokwisha kuandikwa juu yake: huyu ni wa serikali, yule ni wa upinzani, usimwamini.

Wakenya wanalo hata jina la dharau kwa vyombo vyao vikubwa: 'githeri media'. Githeri ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, chakula ambacho Watanzania hukiita kande. Anayelitumia jina hilo anamaanisha habari zilizochanganywa ovyo, za bei rahisi, za kujaza tumbo tu. Nalo halina chama. Januari 2018, Raila Odinga alipojiapisha katika bustani ya Uhuru Park, serikali ya Uhuru Kenyatta ilizima matangazo ya Citizen, NTV na KTN, na kilio cha dhuluma kikatoka upande wa upinzani. Katika kampeni za 2022 kilio kilihamia kambi ya William Ruto, iliyodai kwamba mashirika makubwa ya habari yalikuwa yameegemea kwa Odinga. Hata hivyo mdahalo wa wagombea urais ulipofanyika tarehe 26 Julai mwaka huo, aliyesimama jukwaani peke yake ni Ruto. Odinga ndiye aliyekataa kufika. Leo Ruto ni rais, na wanaoviona vyombo hivyo kuwa waoga ni vijana waliojaza barabara kupinga Mswada wa Fedha wa 2024, huku watetezi wa serikali wakiviona kuwa wachochezi. Vituo ni vile vile.

Kwa sababu lalama hii huhama na madaraka, ni rahisi kuipuuza yote. Hilo lingekuwa kosa. Upendeleo upo, na wakati mwingine una gharama ya uhai wa mtu. Tatizo ni kwamba wabishani wengi wanautafuta katika jina na uso wa mtangazaji, mahali ambapo haukai sana.

Tuanze na pale ambapo wengi waliuona ilhali haukuwepo. Baada ya kura ya Agosti 9, 2022, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, iliweka kwenye tovuti yake picha za Fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 ili kila mtu azisome. Vyombo vya habari vikaanza kujumlisha, kila kimoja na watu wake. Kwa saa kadhaa kituo kimoja kilimwonyesha Ruto akiongoza, na kingine, wakati ule ule, kikamwonyesha Odinga. Mitandaoni huo ukawa ushahidi tosha wa nani amenunua nani. Maelezo yake yalikuwa makavu zaidi: anayeanza kuhesabu na fomu za Bonde la Ufa na Mlima Kenya hupata kiongozi mmoja, anayeanza na za Nyanza na Pwani hupata mwingine. Fomu zilikuwa zile zile na hesabu ilikuwa haijaisha.

Vyombo navyo havikujisaidia. Kasi ya kujumlisha ilipungua, vingine vikasimama kabla ya kufika mwisho, na mtazamaji hakupewa sababu ya kumtosha. Shaka hupata lishe mahali kama hapo. Wafula Chebukati alipomtangaza Ruto mshindi tarehe 15 Agosti kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Odinga, na makamishna wanne kati ya saba wakayakana matokeo hayo, hapakuwa na chombo kikubwa kilichokuwa na jumla yake kamili ya kuwawekea wananchi mezani. Mahakama ya Juu iliuthibitisha ushindi huo tarehe 5 Septemba. Lakini kwa majuma matatu nchi ilikuwa imebishana juu ya nani anampenda nani, wakati fomu zote zilikuwa mtandaoni zikisubiri mtu wa kuzijumlisha hadi mwisho.

Sasa tuje pale ambapo upendeleo ulikuwepo na ukakaribia kupita bila kuonekana. Sisi tunaoshinda kwenye meza ya tafsiri tunaamini kwamba sehemu ya lugha iliyobeba uzito kuliko zote katika siasa za Kenya mwaka 2025 haikuwa neno kamili. Ilikuwa silabi moja: '-ji-'.

Albert Ojwang, mwalimu mwenye umri wa miaka 31 aliyekuwa pia akiandika mitandaoni, alikamatwa Homa Bay tarehe 7 Juni 2025 kwa sababu ya maandishi kwenye mtandao wa X kumhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, Eliud Lagat. Alisafirishwa hadi Nairobi, na kufikia siku iliyofuata alikuwa amefariki akiwa mikononi mwa polisi katika Kituo Kikuu cha jijini. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema kwamba aligonga kichwa chake kwenye ukuta wa seli. Kwa Kiswahili sentensi hiyo inakuwa neno moja tu: 'alijigonga'. Silabi ile ya katikati inamfanya marehemu kuwa mtenda na mtendwa kwa pamoja. Inafunga mlango wa swali 'nani?' kabla mtu hajalitamka, na inaufunga kimyakimya, kwa sababu sikio la Kiswahili limeizoea: alijikata, alijikwaa, alijiumiza.

Mhariri aliyeandika 'alijigonga' bila kutanguliza 'polisi wanadai' alikuwa ametoa hukumu, hata kama nia yake ilikuwa njema na kabila lake ni lile lile la marehemu. Aliyeandika 'aliuawa na polisi' asubuhi ile naye alikuwa ameutangulia ushahidi. Kati ya hayo mawili palikuwa na sentensi ndefu, isiyopendeza, isiyotosha vizuri kwenye skrini ya simu: alifariki akiwa kizuizini, polisi wanadai alijigonga, uchunguzi wa maiti haujafanywa. Sentensi kama hiyo haimfurahishi mtu yeyote anayebishana. Siku chache baadaye wataalamu walioufanya uchunguzi huo walieleza kwamba majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na michubuko mwilini havikulingana na mtu aliyejiumiza mwenyewe. Inspekta Jenerali Douglas Kanja akaomba radhi mbele ya Seneti kwa taarifa ile ya awali, Lagat akajiweka kando, na watu sita, wakiwamo maofisa wa polisi, wakafikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji, ambalo walilikana.

Waliochangia haki siku zile za mwanzo ni wale waliouliza jambo dogo sana: nani amesema hivyo, na daktari yuko wapi? Na wengi wao walikuwa mitandaoni. Ni vizuri kulisema hilo, maana kuna tabia katika vyumba vya habari ya kuuona mtandao wote kuwa kelele.

Maneno mengine yana hila ya namna hiyo. 'Makabiliano' ni neno tunalolipenda mno katika taarifa, kwa kuwa linasikika la haki kwa wote. Lakini linahitaji pande mbili zinazokabiliana. Tarehe 17 Juni 2025, siku ambayo wanaume wenye rungu na mijeledi waliingia katikati ya Nairobi kwa pikipiki na kuwashambulia waandamanaji, mchuuzi wa barakoa alipigwa na polisi risasi ya kichwa kutoka karibu, mbele ya kamera. Alifariki mwishoni mwa mwezi. Kumweka katika 'makabiliano' ni kumpa silaha ambayo hakuwa nayo. Na wale wa pikipiki? 'Wahuni' walikuwa kwa baadhi ya vyombo, 'wafuasi wa serikali' kwa vingine. Neno la kwanza linaeleza tabia yao na kuacha swali la aliyewatuma. La pili linalijibu kabla ya uthibitisho. Linalobaki ni kueleza kilichoonekana: walikuwa na nini mikononi, walimpiga nani, na polisi walikuwa wamesimama wapi.

Kuna upendeleo wa aina nyingine usiopatikana katika sentensi yoyote, nao ni wa fedha na swichi. Serikali ya Kenya ndiyo mteja mkubwa wa matangazo ya biashara, na vilevile mdaiwa mkubwa wa mashirika ya habari. Machi 2024 Wizara ya Habari iliziagiza taasisi za umma kupeleka matangazo yao ya redio na runinga kwa shirika la taifa, KBC, peke yake. Mhariri wa kituo binafsi hakuhitaji kupigiwa simu baada ya hapo. Alijua mishahara inatoka wapi. Kisha tarehe 25 Juni 2025, vijana walipokuwa wakiadhimisha mwaka mmoja tangu uvamizi wa Bunge, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo vyote viache kutangaza maandamano mubashara, ikitaja ibara za 33 na 34 za Katiba. NTV na KTN zilizimwa siku hiyo hiyo, zikaendelea kurusha kupitia mtandao, na Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo lile. Anayeandika haya anafanya kazi katika shirika la utangazaji la umma, na msomaji ana haki ya kuliweka hilo pia kwenye mizani.

Filamu ya BBC Africa Eye iitwayo 'Blood Parliament', iliyotolewa Aprili 28, 2025, iliyakusanya mabishano haya yote mahali pamoja. Waandaaji walichambua picha zaidi ya 5,000 za siku ile ya Juni 25, 2024, na kuwatambulisha askari waliosema waliwafyatulia risasi waandamanaji wasio na silaha. Onyesho lake la hadhara jijini Nairobi lilifutwa. BBC ilisema ni kwa shinikizo la mamlaka. Watengenezaji filamu wanne walikamatwa muda mfupi baadaye, kisha wakaachiliwa. Wabunge kadhaa waliishutumu BBC kwa uchochezi, na msemaji wa serikali akalalamika kwamba ni habari ya upande mmoja. Swali la kwa nini chombo cha Uingereza ndicho kilichoifanya kazi hiyo ni zuri, na jibu lake linawauma zaidi wamiliki wa vyombo vya Nairobi kuliko BBC. Pia ni halali kuuliza kama kuchomwa kwa sehemu ya Bunge kulipewa nafasi yake. Lakini katika kelele zote zile, hoja kwamba BBC ina ajenda haikugusa picha hata moja. Ama mtu anayeonekana pale alifyatua risasi, ama hakufyatua. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilihesabu vifo 60 katika maandamano ya mwaka ule. Familia hizo hazisubiri kujua mhariri wa London anampenda nani.

Uwanja wa mabishano yenyewe nao unabanwa. Oktoba 2025 Rais Ruto alitia saini marekebisho ya sheria ya makosa ya mtandaoni, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha baadhi ya vifungu vyake. Sheria ya namna hiyo humfikia kwanza mwalimu mwenye simu, aliyeandika sentensi moja. Mashirika yenye mawakili huja nyuma.

Kwa upande wetu wa mpaka, haya si ya kutazamwa kama mchezo wa jirani. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipoziba barabara na reli ya magharibi mwa Kenya, petroli iliadimika na kupanda bei hadi Kampala. Mwenye lori pale Malaba hana haja ya kujua kituo gani ni cha nani. Anataka kujua kama njia ya Eldoret inapitika, nani amesema inapitika, na amesema hivyo saa ngapi.

Uchaguzi ujao wa Kenya ni Agosti 10, 2027. Matokeo ya awali yatakapoanza kuingia usiku ule, katika meza hii kila takwimu itasomwa pamoja na idadi ya fomu zilizohesabiwa na maeneo zilikotoka, hata kama kufanya hivyo kutatuchelewesha dakika kumi nyuma ya simu za wasikilizaji wetu.