Mama asiwe wa mwisho kula

Baba wa jamaa, wewe unayechimba madini huku Masisi, sikia vizuri. Kama bibi yako ana mimba ao ananyonyesha, naye anaishi na virusi vya SIDA, dawa peke yake haitoshi. Mwili wake una kazi mbili: kulisha mtoto na kupigana na virusi. Hata asipojisikia mgonjwa, virusi vinamwongezea haja ya chakula cha nguvu karibu sehemu 1 juu ya 10. Mimba na kunyonyesha vinaongeza tena.

Chakula hicho hakitoki mbali. Muheto na vilima vya Masisi vina maharagwe, viazi, lengalenga, sombe na maziwa ya ng'ombe. Si haki kupakia vyote kwenda soko la Goma, mama akabaki na ugali mtupu. Kabla ya kuuza, toa sehemu yake. Maziwa yachemshwe. Chai isifuatane na chakula, kwani inazuia chuma kuingia katika damu.

Wengine wanasema mtoto aachishwe ziwa. Hapana! Tangu 2016, OMS inashauri mama anayemeza dawa zake kila siku anyonyeshe: miezi 6 ziwa tu, bila maji wala uji, kisha aongeze chakula, akiendelea kunyonyesha hata miaka 2. Mtoto naye apelekwe kwa munganga, apimwe na kupewa dawa yake.

Siku ya malipo, kabla ya pombe, nunua ndagala. Sahani ya mama inalisha watu wawili.